Mwenye Shamba na Mwenye Pipa

Kipindi cha leo ni cha historia. Tutaacha kwa muda mambo ya mbolea na palizi, tuzungumze juu ya zao ambalo wengi wetu katika Mkoa wa Katavi hatujawahi kulipanda. Zao hilo ni zabibu, na hasa ile divai nyekundu inayotengenezwa na familia yenye shamba dogo kwa kuchanganya aina mbili au tatu za zabibu. Najua mtu wa Inyonga atauliza, "Sisi ni watu wa asali na tumbaku, hayo ya divai yanatuhusu nini?" Subira, ndugu. Yanatuhusu, maana hii ni habari ya mkulima na mnunuzi wake, na habari hiyo haina mpaka wa mkoa.

Neno moja kabla ya kuendelea. Kipindi hiki hakimwaliki mtu kunywa. Wako wasikilizaji wetu ambao dini yao inawakataza kileo, na wako walioacha kwa ajili ya afya zao na amani ya nyumba zao. Wote tunawaheshimu. Sisi leo tunatazama kazi ya mkulima: alilima nini, alimwuzia nani, na mwisho wa hesabu alibaki na nini mkononi.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu maneno yanatunza historia. Neno "zabibu" tumelipata kutoka kwa Waarabu, na kwao maana yake ni zabibu kavu. Kwa hiyo watu wa pwani yetu waliijua zabibu iliyokaushwa, iliyokuja na majahazi, na jina hilo la tunda kavu ndilo tukalipa hata tunda bichi. Neno "mvinyo" limetoka kwa Wareno. Na neno "divai", ambalo Wakristo wanalisikia sana kanisani, limetoka kwa Wafaransa. Kila mgeni alikuja na chupa yake na jina lake. Lakini mzabibu wenyewe, yaani mti, ulichelewa sana kufika bara.

Sasa twende Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa wetu huu. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo chao hapo, wakakizungushia ukuta kama boma. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa mapadre wa shirika la White Fathers, ambao wazee wetu wamezoea kuwaita Mapadre Weupe. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Algiers, mji mkuu wa Aljeria, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Wafaransa. Kundi lao la kwanza liliondoka Bagamoyo mwaka 1878, likatembea kwa miguu kuja bara, na wale waliokuja upande wa Tanganyika wakafika Ujiji mwanzoni mwa 1879.

Padre hawezi kusoma Misa bila divai, na sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai hiyo iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Pombe ya mtama haifai kwa kazi hiyo, wala wanzuki. Basi fikiri, ndugu mkulima: divai ya Misa ya Karema ilitoka ng'ambo, ikateremshwa pwani, kisha ikabebwa vichwani na wapagazi zaidi ya kilomita 1,000. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, ilifunguliwa mwaka 1950. Kabla ya hapo kila chupa ilikuwa na jasho la mtu ndani yake.

Mapadre hao walikuwa wanaijua zabibu vizuri. Huko Aljeria shirika lao lilikuwa na mashamba ya mizabibu katika mji wa Maison-Carrée, karibu na Algiers, na lilikuwa na shamba jingine Thibar, katika nchi ya Tunisia. Kwa hiyo Karema na Algiers ziliunganishwa na watu wale wale na kinywaji kile kile. Hapo ndipo tunapopata njia ya kuingia katika historia yetu ya leo, kwa sababu Aljeria ndiyo nchi inayotufundisha somo la kwanza juu ya divai nyekundu ya kuchanganya. Lakini ili somo lieleweke, tueleze kwanza jinsi divai hiyo inavyotengenezwa.

Kazi yenyewe si uchawi. Zabibu nyekundu huchumwa zikiwa zimeiva barabara, zikatolewa vikonyo, zikapondwa. Maji yake, maganda yake na mbegu zake vyote hutiwa pamoja katika pipa. Ukikamua zabibu nyekundu nyingi utaona maji yake ni meupe. Wekundu uko kwenye ganda. Ndiyo maana divai nyekundu hulazwa pamoja na maganda yake, na divai nyeupe hukamuliwa mapema. Hamira hula ile sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa inayotoka kwa mapovu. Hewa hiyo husukuma maganda juu, na mtengenezaji huyashindilia chini kila siku, asubuhi na jioni, ili yasikauke na kuoza. Baada ya wiki moja hivi, maji hukamuliwa, maganda hutupwa shambani kuwa mbolea, na divai hupelekwa katika pipa safi kutulia kwa miezi.

Sikiliza hapa vizuri. Adui mkubwa wa divai ni hewa na uchafu. Pipa likiachwa nusu, divai hugeuka siki. Chombo kikiwa kichafu, kazi ya mwaka mzima inanuka. Kwa hiyo anayetengeneza divai ni lazima awe na vyombo: mashine ya kuponda, kinu cha kukamulia, mapipa, na nyumba yenye baridi ya kuyaweka. Bila vyombo hivyo yeye ni mchumaji wa zabibu tu. Na zabibu ikishachumwa haingoji. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukasubiri bei. Zabibu ya divai yenye majimaji, katika joto letu, baada ya siku chache imeanza kuchacha ndani ya tenga. Mwenye pipa anajua hivyo, na anakungoja uje na tenga lako huku jua linawaka.

Sasa kwa nini watu huchanganya? Wengine hudhani kuchanganya ni udanganyifu, kama mtu anayetia maji kwenye maziwa. Sivyo. Katika sehemu za Bordeaux, huko Ufaransa, kuna familia ambazo kwa vizazi vingi zimekuwa na mashamba yao zenyewe na mapipa yao zenyewe, na divai yao nyekundu karibu siku zote ni ya mchanganyiko. Hupanda zabibu iitwayo Merlot na zabibu iitwayo Cabernet Sauvignon, na pengine aina nyingine mbili tatu kwa kiasi kidogo. Merlot huiva mapema na divai yake ni laini. Cabernet Sauvignon huiva baadaye, ganda lake ni gumu, na divai yake ni kali yenye kudumu miaka mingi. Mvua ikinyesha vibaya mwishoni mwa msimu, Merlot imekwisha kuchumwa. Baridi kali ikija mapema na kuharibu machipukizi ya Merlot, Cabernet iliyochelewa kuchipua inaweza kupona.

Mkulima wa Mpanda hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo akili ile ile ya mama anayepanda mahindi, maharage na muhogo katika shamba moja: hujui mwaka huu Mungu atafungua mlango upi. Familia huweka kila aina katika pipa lake. Baadaye wazee wa nyumba hukaa na vikombe vya kupimia, wakajaribu: saba kwa tatu, sita kwa nne, tone kidogo la hii ya tatu kwa rangi. Wakikubaliana, ndipo wanapomimina. Kwa njia hiyo mwaka mbaya haumwangushi mteja, na familia inajulikana kwa ladha yake. Kuchanganya kwa namna hii ni bima ya mkulima mdogo.

Lakini kumbuka: ili kuchanganya ni lazima uwe na mapipa. Asiye na pipa huchanganyiwa na mwingine.

Hapo ndipo habari ya Aljeria inapoingia. Mwaka 1863 hivi, kusini mwa Ufaransa, kilianza kuonekana kijidudu kidogo sana kinachofyonza mizizi ya mzabibu, kilichotoka Marekani. Katika miaka iliyofuata kiliua mizabibu kote Ufaransa. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza: chini unaweka shina la mzabibu wa Marekani lenye kuvumilia kijidudu, juu unaunganisha tawi la mzabibu wa Ulaya. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Katika muda huo walowezi wa Kifaransa walipanda mizabibu huko Aljeria, katika ardhi nzuri waliyowanyang'anya wenyeji.

Divai nyekundu ya Aljeria ilikuwa nzito, yenye rangi na nguvu, kwa sababu jua la kule ni kali. Ilipakiwa melini kwa wingi, ikapelekwa Ufaransa, ikachanganywa na divai nyepesi za kule ili kuzitia rangi na nguvu. Mnywaji wa Paris alikunywa jasho la Aljeria bila kuliona jina la Aljeria kwenye chupa. Katika karne ya 20 mashamba hayo yalifika zaidi ya hekta 300,000, na Aljeria ikawa miongoni mwa nchi zinazouza divai nyingi kuliko zote duniani. Karibu yote ilikwenda kwa mnunuzi mmoja.

Mwaka 1962 Aljeria ikapata uhuru baada ya vita vikali. Ufaransa ikaanza kupunguza ununuzi. Tangu mwaka 1970 sheria za soko la pamoja la Ulaya zikakataza kuchanganya divai za wanachama na divai za kutoka nje. Mlango ukafungwa. Divai hiyo haikuwa na jina lake yenyewe ambalo mteja wa mahali pengine angelitafuta. Nyumbani pia hapakuwa na soko kubwa, maana wananchi wa Aljeria wengi wao ni Waislamu. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mizabibu ile iling'olewa, na ardhi ikapandwa nafaka na vyakula vingine. Kwa nchi iliyokuwa inahitaji chakula, kupanda ngano si hasara. Lakini somo la biashara ni wazi kama mchana. Zao linalouzwa bila jina, kwa mnunuzi mmoja, linaishi kwa pumzi ya mnunuzi huyo.

Somo la pili limetoka kwa wakulima wadogo wa Ufaransa wenyewe, wale wa kusini. Msidhani mkulima wa Ulaya siku zote alikuwa bwana. Mwanzoni mwa karne ya 20 bei ya divai ilianguka vibaya. Divai ilikuwa nyingi, ile ya Aljeria ilikuwa inamiminika, na wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wanatengeneza divai ya uongo kwa maji na sukari. Mkulima mwenye ekari mbili tatu hakuwa na mapipa ya kutosha kungoja bei ipande. Alipaswa kuuza pale pale kwa bei ya mnunuzi, au amwage.

Mwaka 1907 uvumilivu ukaisha. Mwezi Machi wakulima wachache, hawafiki 100, walitembea kutoka kijiji cha Argelliers wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima mdogo aliyekuwa pia na mgahawa. Wiki baada ya wiki umati ukakua. Tarehe 9 Juni 1907, katika mji wa Montpellier, walikusanyika watu wanaokadiriwa kupita nusu milioni. Mwezi huo huo askari waliwafyatulia watu risasi katika mji wa Narbonne, na watu wakafa. Mwisho wa Juni serikali ikatunga sheria dhidi ya divai ya uongo, na kila mkulima akatakiwa kuandikisha kiasi alichovuna, ili isionekane divai sokoni isiyo na shamba.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa sana, kwa sababu yalikuwa na kelele na damu. Lakini jambo lililodumu zaidi lilikuwa limeanza kimya kimya miaka 6 kabla yake, katika kijiji cha Maraussan, karibu na mji wa Béziers. Mwaka 1901 wakulima wadogo wa hapo waliungana wakaunda chama, wakakiita kwa Kifaransa jina lenye maana ya Wakulima Huru wa Mizabibu. Wakaanza kuuza divai yao pamoja, moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya walaji huko Paris, bila dalali katikati. Mwaka 1905 walijenga nyumba yao ya mapipa, na mwanasiasa mashuhuri Jean Jaurès alikwenda kuwatembelea mwaka huo. Msemo wao ulikuwa kwamba wote ni kwa ajili ya kila mmoja, na kila mmoja ni kwa ajili ya wote. Baada ya fujo za 1907 vijiji vingi viliwaiga. Mtu mwenye shamba dogo ambaye hakuweza kununua kinu peke yake alikuwa na sehemu yake katika kinu cha wote, na kuanzia hapo aliweza kungoja.

Sasa turudi nyumbani. Katika Tanzania nchi ya zabibu ni Dodoma. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, katika miaka ya 1950. Ikastawi. Dodoma ina mvua kidogo, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zinazonyesha msimu mmoja, na baada ya hapo ni ukame mrefu. Watu waliuona ukame huo kama laana, lakini mzabibu unaupenda, kwa sababu ukungu hauna nafasi ya kushambulia majani na matunda. Isitoshe, Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hauna wakati wa kulala. Mkulima akiupogoa unachipua upya, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Kwa hiyo kuna mavuno mawili, moja mnamo Februari na Machi, jingine mnamo Agosti na Septemba. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikashika kazi ya mbegu, na zabibu nyekundu inayojulikana sana kwa wakulima wa huko inaitwa Makutupora Nyekundu.

Serikali ikawa na kiwanda cha divai, DOWICO, mali ya umma. Katika miaka ya 1970 na 1980 mkulima wa zabibu wa Dodoma alikuwa na mahali pa kupeleka tenga lake, na chupa yenye jina la Dodoma ilionekana katika hoteli na mabaa ya nchi nzima. Hiyo ilikuwa fahari. Lakini mkulima mwenyewe, isipokuwa wachache, hakuwa na pipa. Pipa lilikuwa la kiwanda. Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipoyumba, kiwanda kiliposhindwa kununua, zabibu ziliozea mashambani. Wako wakulima waliong'oa mizabibu yao kwa mikono yao wenyewe. Mzabibu ni mti wa miongo mingi. Kuung'oa ni kama kubomoa nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uhai ulirudi. Kampuni ya CETAWICO, iliyoanzishwa na Waitalia, ilijenga kiwanda Hombolo, na pamoja nayo zikaja mbegu nyekundu za Kiitaliano kama Marzemino, Teroldego na Aglianico. Wakulima wa Chinangali, wilayani Chamwino, wakalima kwa pamoja katika shamba kubwa lenye umwagiliaji wa matone. Na watu binafsi, wengine familia tu, wakaanza kununua mapipa na mashine ndogo za kukamulia.

Hapa kuna neno la Dodoma ambalo napenda mlijue: "mchuzi wa zabibu". Ni yale maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuanza kuwa divai, lakini bado hayajakamilishwa wala kutiwa chupani. Mkulima mwenye pipa huuza mchuzi badala ya kuuza tenga. Mchuzi haumkimbizi kama tunda. Ukitunzwa vizuri unangoja miezi, na mwenye nao anaweza kuzungumza na mnunuzi akiwa amekaa kitini. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mnaikumbuka Aljeria? Mchuzi nao hauna jina. Kampuni kubwa ikiununua inauchanganya na mingine, inatia chupani, inabandika jina lake. Na ikiamua kuleta mchuzi wa bei nafuu kutoka ng'ambo, mapipa ya Dodoma yanabaki yamejaa. Ndiyo sababu katika miaka ya karibuni wakulima wa Dodoma walisikika mara kwa mara wakilalamika kwamba zabibu zao na mchuzi wao havina soko, ingawa nchi inaagiza divai kutoka nje.

Tupige hesabu kidogo, maana historia bila hesabu ni hadithi ya jioni. Kilo 100 za zabibu hutoa lita 60 hadi 70 za divai. Tuseme familia ina ekari moja, ikavuna tani 2. Hiyo ni lita 1,200 hadi 1,400, yaani chupa 1,600 au zaidi za robo tatu ya lita. Ukiuza tani 2 za zabibu, umeuza kilo, na bei ya kilo anaitaja mwingine. Ukiuza mchuzi, umeuza lita, na umepata siku za kungoja. Ukiuza chupa yenye jina la familia, iliyochanganywa kwa ladha ambayo wateja wanaitambua, umeuza kitu ambacho hakipatikani kwa jirani. Lakini kwa kila ngazi gharama inapanda: chupa, vizibo, mapipa, maji safi, leseni, alama ya ubora ya TBS, na zaidi ya yote maarifa. Mtu asikudanganye kwamba ni rahisi. Familia moja peke yake mara nyingi haiwezi. Familia 20 zenye kinu kimoja zinaweza.

Sasa, je, nawaambia watu wa Mpanda wapande mizabibu kesho? Hapana. Mvua zetu ni nyingi kuliko za Dodoma, huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na katika unyevu huo ugonjwa wa ubwiri unaweza kumaliza shamba. Anayetaka kujaribu aanze na miche michache, apogoe ili tunda liive wakati wa kiangazi, awe na maji ya kumwagilia, na amwulize bwana shamba kwanza. Kilicho muhimu kwetu ni kulitambua pipa letu.

Ndugu, sisi tuna asali. Misitu ya miombo ya Inyonga na Mlele imetulisha asali tangu enzi za mababu. Na asali, tofauti na zabibu, haina haraka. Iliyoiva vizuri, ikafunikwa isiingie maji, inakaa miaka. Mungu ametupa zao ambalo pipa lake ni ndoo safi yenye mfuniko. Hata hivyo, ni wangapi wetu wanauza asali ikiwa bado na masega na moshi, kwa bei ya mpita njia, ndani ya wiki ile ile ya kurina? Mnunuzi anaipeleka mbali, anaichuja, anaichanganya na ya mikoa mingine, anaipa jina. Jina la Inyonga linapotea, kama lilivyopotea jina la Aljeria katika chupa ya Paris. Nao wanzuki wetu, ambao kwa kweli ni divai ya asali, tunautengeneza kwa kukisia, leo mtamu kesho mchachu, kwa hiyo hauvuki mtaa.

Hata ushirika hatuujui kwa kusimuliwa tu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na mwaka 1982 sheria ikatungwa ya kuvirudisha. Wazee wanakumbuka ile miaka ya katikati: zao lipo, anayelisemea hayupo. Ushirika mbaya upo, wenye viongozi wanaokula. Dawa yake ni wanachama kukagua vitabu na mizani, kwa sababu tukiuvunja tunarudi kila mtu na tenga lake juani.

Basi, tukusanye tuliyoyasikia. Mkulima wa Aljeria alilima sana akauza bila jina. Mkulima wa Maraussan alilima kidogo akashirikiana na jirani kujenga nyumba ya mapipa. Mkulima wa Dodoma alikuwa na shamba lakini pipa lilikuwa la mwingine, na siku mwenye pipa alipoondoka, shamba likawa kuni. Msimu huu wa kurina, kabla hujabeba ndoo ya kwanza kwenda barabarani, kaa na majirani 5 au 6 mwulizane: tuna chombo cha kuhifadhia? Tunaweza kungoja mwezi mmoja? Asali yetu ina jina? Mkijibu "ndiyo" kwa swali moja tu kati ya hayo, mnunuzi atakuja kwenu na maneno tofauti.

Kwa leo tunaishia hapo. Mizinga yenu ijae, na vyombo vyenu viwe safi. Kwaherini.